Kunusa Breki Bombani

Kosa langu la kwanza siku ile lilikuwa kumtajia muuzaji jina la gari. Niliingia kwenye duka la spea kule Levolosi nikiwa na hasira zangu za tangu Jumapili, nikaegemea kaunta, nikataja aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, nikaomba pedi za breki za mbele. Dada wa duka akanipa. Nikarudi nyumbani Njiro, nikalipandisha gari kwa jeki uani, nikavua gurudumu mwenyewe maana sikutaka fundi ajue yaliyonipata, na pedi zikakataa kukaa. Zilicheza ndani ya kalipa, kile chuma kinachozibana kwenye diski, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake.

Nilistahili. Gari lile nililinunua likiwa na breki zake za kiwandani, lakini mwaka juzi nilizing'oa nikaweka seti kubwa: diski pana kama sinia la pilau, kalipa nyekundu zenye pistoni nne nne, hata rimu ikabidi nibadilishe ili zipate nafasi. Ukishafanya hivyo, pedi hazifuati tena gari, zinafuata kalipa. Ni jambo analolijua kila anayechezea magari Arusha, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu. Lakini hasira hasara. Nilisahau kwa sababu kichwani nilikuwa bado nabishana na mama.

Mama alikuwa amekataa kupanda gari langu.

Anaishi juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, katika nyumba ile ile tuliyozaliwa, kati ya kahawa na migomba. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, amefika mahali pa kumtambua mtu kwa sauti na mwendo. Daktari wa macho mjini alikuwa amempangia Jumatano saa mbili asubuhi kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Nafasi yenyewe tulikuwa tumeisubiri kwa miezi. Nikasema nitakuja kumchukua. Akajibu kwa upole kabisa kwamba nisijisumbue, atashuka na bodaboda.

Bodaboda. Mwanamke aliyepita miaka sabini, haoni, amekaa nyuma ya pikipiki kwenye mteremko ule, wakati kitinda mimba wake ana gari lenye breki ambazo watu wanasimama kuzitazama kwenye maegesho. Niliumia, sisemi uongo. Nilijiona kama mpishi ambaye mama yake anakwenda kula kwa jirani. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Kwa hiyo nilirudi Levolosi mara ya pili, safari hii na pedi ya zamani mkononi, imefungwa kwenye gazeti. Dada wa duka alikuwa mtu wa makamo, mwenye hijabu ya kijivu na kucha fupi zilizojaa weusi wa grisi. Duka alirithi kwa mumewe, na nasikia anazijua spea kuliko marehemu. Alilifungua lile gazeti, akaigeuza pedi, akaikwaruza kwa ukucha, akanitazama.

"Kaka, hizi ni za mashindano. Wewe unashindana na nani?"

"Zinavumilia joto," nikasema.

"Najua zinavumilia joto. Nimekuuliza unashindana na nani."

Ningemwambia nini, kwamba hofu yangu ya joto la breki nimeipata utotoni, na kwamba inahusu pikapu ambayo leo hii imebaki bodi tu nyuma ya banda la ng'ombe?

Baba alikuwa dereva. Aliendesha pikapu ya chama cha ushirika, na chama kilipoichoka akainunua yeye, na kwa miaka yote ya utoto wangu hilo ndilo lilikuwa gari pekee kitongojini kwetu. Ilishusha kahawa, ndizi, maziwa, wagonjwa na maharusi. Barabara ilikuwa ya udongo, na masika ilikuwa kama imepakwa sabuni. Breki za pikapu zilikuwa zile za ngoma, na baba hakumwachia mtu azishike. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, akagongea ribiti mwenyewe, misumari ile mifupi ya kushikiza breki, moja moja, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Mpaka leo nikisikia nyundo ndogo ikigonga chuma mahali, nageuka kumtafuta.

Mteremko ule ni mrefu. Chini yake, kabla ya kuingia kwenye lami ya kwenda Moshi, pana tambarare fupi penye bomba la maji la kijiji. Pale bombani baba alisimama kila aliposhuka na watu. Alizima gari, akaweka kigingi mbele ya gurudumu, abiria wote wakateremka na vikapu vyao, naye akaanza kulizunguka. Alifika kwenye kila gurudumu, akainama, akalinusa. Hakuwa na haraka. Watu walimheshimu sana kwa jambo lile. Walisema dereva huyu ana pua ya mbwa, gari haliwezi kumdanganya. Sisi watoto tulimwigiza nyuma yake, tunainama na kunusana makalio, mpaka mtu mzima atupige kofi.

Mama alikuwa akikaa mbele, kikapu cha ndizi za soko la Tengeru miguuni. Naye alishuka pale, kunyoosha miguu, akimfuata baba pole pole na kupiga soga na wanawake wenzake. Siku nyingi, baba alipomaliza kuzunguka, mama alikuwa amesimama anajifunga khanga upya, na baba akasema, "Haya, pandeni." Siku nyingine mama alikuwa amechoka. Kulikuwa na jiwe kubwa kando ya bomba, akaenda kukaa juu yake, na baba akatangaza kwamba gari linapumzika. Basi tukapumzika. Kama kuna mtu aliona ni wazo zuri kuchota maji ayamwagie magurudumu, baba alimfokea, kwamba chuma cha moto hakimwagiwi maji, kitapasuka. Tulisubiri mpaka mama ainuke, na mimi niliona raha moyoni kuwa na baba anayemjali mke wake kiasi kile.

Maana alimjali kupita kiasi. Siku ambazo mama hakusafiri, baba hakubeba abiria. Alibeba magunia, au alilala. Majirani walisema amelishwa limbwata. Baba aliposikia alicheka tu, akaendelea kunywa chai yake.

Harufu yenyewe naijua. Ni kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, na nyuma yake kuna chuma. Hata sasa nikiwa nyuma ya lori lililotoka kushuka mlima na harufu ile ikanijia, nashusha kioo niivute. Mke wangu anapandisha cha kwake. Lakini utotoni iliniogopesha, kwa sababu ilikuwa na maana kwamba breki zinachoka na sisi tuko ndani, na niliapa kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa na gari ambalo breki zake hazinuki kamwe. Baba alifariki miaka minne iliyopita, kitandani kwake, usingizini, na kwa dereva wa mlima ule hiyo ni sifa tosha. Baada ya msiba nikaanza kulitengeneza gari langu. Fundi wangu wa kule Engutoto aliponiwekea ile seti kubwa aliniuliza nataka pedi gani, kisha akaniambia, "Bro, kuna hizi hapa. Hizi hazichoki. Shuka Meru nzima, hutasikia harufu." Sikuuliza lingine.

Aliniambia pia kwamba zinataka kupata moto kwanza ndipo zishike. Nililisikia jambo lile kama mtu anavyosikia matangazo ya kanisani, anasubiri yaishe.

Sasa barabara ya nyumbani imetiwa lami, hata gari la chini kama langu linapanda. Jumamosi ile nililala kwa mama ili Jumapili nimpeleke ibada ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi yetu ile ya kutoa moshi mdomoni, ukungu umelala juu ya migomba na Meru wenyewe hauonekani. Gari lilikuwa limelala nje. Tukapanda, tukaondoka. Kwenye kona ya kwanza chini ya nyumba akatokea mama mmoja wa jirani, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikakanyaga breki.

Gari lilipokea kama limepewa ushauri, si amri. Liliendelea. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, na likaja kusimama pua yake ikiwa ndani ya mti wa kahawa, hatua moja kutoka kwa yule mama, ambaye alikuwa ameruka mtaroni na majani yake yote yametawanyika barabarani. Hakuumia mtu.

"Kuna nini?" mama akauliza. Hakuwa ameona chochote, alisikia tu.

"Breki zilikuwa na baridi, mama."

"Breki zilikuwa na baridi," akarudia, kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani nilipomwambia kwamba yai limevunjika lenyewe. Akafungua mlango, akashuka, akampa pole jirani yake, akapiga magoti na kuanza kumkusanyia majani kwa kupapasa. Kisha akamshika mkono, wakaenda ibadani kwa miguu. Mimi nilibaki kulitoa gari kwenye kahawa.

Jioni nilimbembeleza. Akasema, "Gari la baba yenu lilikuwa bovu lakini nililijua. Hili lako silijui, na wewe mwenyewe hulijui." Ndiyo hasira niliyoshuka nayo mjini. Nilikuwa nimetoa fedha nyingi kwa ajili ya hofu ya mtoto wa miaka minane, na nusura nimgonge mtu.

Pale kaunta dada alipanga maboksi matatu. Zote zilikuwa za umbo la kalipa zangu, alizipima kwa ile ya zamani. Za kwanza, akasema, ni laini, kimya, hazichafui rimu, nzuri kwa mtu wa kwenda ofisini na kurudi, lakini kwenye mteremko mrefu zitaishiwa nguvu. Za pili zimechanganywa na chuma. Zinashika hata asubuhi ya baridi na mteremko zinauweza, ila zitatoa vumbi jeusi na zitalia. "Zitalia, kaka, usije ukanilalamikia." Za tatu zilikuwa ndugu wa zile zangu, na boksi lake lilikuwa zuri kuliko yote. Nikiri kwamba mkono wangu ulikwenda kwenye la tatu.

"Unambeba nani kwenye hilo gari?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, mpaka mti wa kahawa, na watu wawili walikuwa nyuma yangu wanasubiri kununua plagi. Aliposikia, alilichukua boksi la tatu akalirudisha chini ya kaunta, na la kwanza akalisukuma pembeni.

"Na hizi zitanuka?" nikauliza kuhusu za pili.

"Ukizichosha zitanuka. Kitu chochote ukikichosha kinanuka. Afadhali hicho kinachokuambia kabla hakijakushinda." Akaandika risiti huku akinielekeza kwamba nipige diski msasa kwanza, zisibaki na unga wa pedi za zamani, na kwamba pedi mpya lazima zizoeshwe. Nisipozizoesha nitarudi hapo kumlaumu bure.

Kuzizoesha nilikwenda kwenye barabara ya mchepuko, Jumanne mchana. Unakimbia mpaka themanini, unashika breki mpaka ishirini, husimami, unakimbia tena. Mara kumi. Kisha unaendesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Mara ya sita trafiki akanipiga mkono. Nikasimama mbele yake kwa kuchelewa, na pale pale nikavuta breki ya mkono na kuondoa mguu kwenye pedali, maana pedi za moto hazitakiwi kubanwa kwenye diski gari likiwa limesimama.

"Nakutazama muda mrefu," akasema. "Unakimbia unafunga breki, unakimbia unafunga breki. Una ugomvi na nani?"

"Nazizoesha pedi, afande. Kesho nampeleka mama hospitali."

Alinusa hewa, akarudi nyuma hatua moja. "Gari lako linaungua."

"Ndivyo inavyotakiwa, afande. Mara ya kwanza."

Alinitazama, akaitazama leseni, akanirudishia. "Malizia uondoke hapa. Msalimie mama."

Nikamalizia nne zilizobaki, madirisha yote wazi. Harufu ile ikajaa ndani ya gari, kitambaa chini ya pasi na chuma nyuma yake, na baba alikuwepo, na kigoda chake, na ulimi pembeni mwa mdomo. Nililia njia nzima mpaka karibu na Usa. Nilikuwa nimefanya kila juhudi kuiondoa harufu ya baba kwenye maisha yangu, na sasa nilikuwa nimelipia ili irudi.

Jumatano alfajiri nilimkuta mama ameshavaa, amekaa kwenye kochi na mkoba mapajani. Baridi ilikuwa ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja na lile lile?"

"Lile lile. Nimebadilisha pedi."

"Nitapanda mpaka bombani," akasema. "Pale nitaamua. Bodaboda nao wako pale."

Nilishuka kama nimebeba mayai. Pedi zililia kona ya kwanza, kelele ya kukera, lakini zilishika pale pale nilipogusa, kabla ya ule mti wa kahawa wenye tawi lililovunjika. Mama alikuwa ameweka kiganja kwenye dashibodi. Nilitamani aseme neno, hata kunisema vibaya.

Bomba bado lipo, siku hizi lina mita na kufuli. Jiwe nalo lipo. Bodaboda watatu walikuwa wameegesha kando yake. Nikazima gari, na kabla sijazunguka kumfungulia, mama alikuwa ameshashuka. Aliweka mkono kwenye bodi la gari, akaufuatisha mpaka kwenye gurudumu la nyuma, akainama, akanusa. Akaenda la pili.

"Mama," nikamwambia, "unafanya kama baba."

Alicheka, ameinama vile vile. "Baba yenu? Baba yenu hakuwa na pua."

Sikumwelewa.

"Alipulizia kahawa dawa akiwa kijana, kwenye mashamba makubwa kule, bila kitambaa usoni. Iliua pua yake. Maharage yaliungua yeye amekaa jikoni anasubiri chakula. Hukumbuki?"

Nilikumbuka. Nilidhani alikuwa mvumilivu wa chakula.

"Sasa nani angepanda gari la dereva asiyesikia harufu?" akaendelea. "Na nani angekaa kimya akiona dereva anaelekezwa na mkewe? Kwa hiyo yeye aliinama, watu wakamwona. Mimi nilipita nyuma yake. Zikiwa salama nilijifunga khanga. Zikiwa zimechoka nilikaa pale kwenye jiwe."

"Ndiyo maana hakubeba watu bila wewe."

"Ndiyo maana."

"Sisi tulidhani ni mapenzi."

"Na mapenzi pia," mama akasema, akaenda kwenye gurudumu la tatu.

La nne lilikuwa la mbele kushoto, upande ule ule uliogonga mti wa kahawa. Alilinusa kwa muda mrefu kuliko yote. Bodaboda walikuwa wameacha mazungumzo yao, wanatutazama, mmoja ameshakamata helmeti. Mimi nilisimama na funguo mkononi, mtu mwenye ofisi na watoto wawili, nikitazama khanga na nikitazama jiwe, na jiwe lilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo.

Mama aliinuka pole pole, akishika mgongo. Akageuza uso wake upande niliokuwa, akavuta khanga mabegani, akajifunga upya.

Nikamfungulia mlango wa mbele.